Kwa nini mpango wa mazoezi hufa wiki tatu baada ya bonanza

Swali: Mimi ni mwalimu wa michezo, na mwaka huu nimeingizwa kwenye kamati ya afya ya eneo letu. Mwaka jana tulifanya bonanza kubwa la mazoezi. Shule zote zilikuja, fulana ziligawiwa, viongozi wakakimbia na watoto. Baada ya wiki tatu hakuna aliyekuwa akifanya chochote. Sasa tumepewa tena fedha kidogo, na tumeambiwa tuandae mpango mmoja wa shule na jamii. Tuanzie wapi, na tutajuaje kama unafanya kazi? Kuna mjumbe anashikilia kwamba tuwapime watoto uzito mwanzoni na mwishoni, basi.

Jibu: Mwalimu, pole kwa bonanza, na hongera kwa kulisema wazi. Kamati nyingi huandika kwenye ripoti idadi ya fulana, hubandika picha, na hakuna anayerudi baada ya mwezi kuangalia watoto wanafanya nini. Wewe ulirudi ukaangalia.

Bonanza lenyewe halikukosea. Lilibebeshwa mzigo usio wake. Siku moja ya shamrashamra inaweza kukutanisha watu, kumlainisha mkuu wa shule mgumu, au kumfanya kiongozi atoe ahadi mbele ya umma ambayo mtamkumbusha baadaye. Haiwezi kuigusa Jumanne ya kawaida saa nne asubuhi, mtoto akiwa dawatini saa ya tatu mfululizo. Na faida ya mazoezi kwa mwili hujengwa Jumanne kama hizo.

Nianze na kisa ambacho kila anayesomea fani hii hukutana nacho mapema. Mwaka 1953 daktari Mwingereza Jeremy Morris na wenzake walichapisha utafiti kuhusu wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya London. Dereva alikaa kitini zamu nzima. Kondakta alipanda na kushuka ngazi akikata tiketi. Ni watu wa kipato kinachokaribiana, kazini pamoja, ndani ya basi lile lile. Makondakta waliugua moyo kwa uchache kuliko madereva. Morris mwenyewe hakuridhika upesi: baadaye alikagua saizi za sare, akakuta madereva walikuwa na viuno vipana tangu siku walipoajiriwa, kwa hiyo ngazi pekee hazikueleza kila kitu. Lakini tafiti chungu nzima zilizofuata zimeonyesha kwamba mwili unaotembea hulinda moyo.

Ninachokipenda katika kisa hiki ni kwamba hakuna kondakta aliyehamasishwa. Hakusikiliza hotuba wala hakupewa fulana. Kazi yake ya kila siku ndiyo iliyompandisha ngazi. Kwa hiyo mkikaa kwenye kamati, anzeni hapo: katika siku ya mtoto wa eneo letu, ngazi za basi ziko wapi? Na kama hazipo, nani ana mamlaka ya kuziweka?

Sasa kipimo. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unataka mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate wastani wa dakika 60 kwa siku za mazoezi ya nguvu ya wastani hadi makali, na angalau siku 3 kwa wiki kuwe na mazoezi makali pamoja na yale yanayoimarisha misuli na mifupa: kuruka, kupanda, kuvuta, kubeba. Mtu mzima anatakiwa apate dakika 150 hadi 300 kwa wiki za nguvu ya wastani, au 75 hadi 150 za makali, na mazoezi ya misuli siku 2 au zaidi. Ukitaka kipimo kisichohitaji kifaa: kwenye nguvu ya wastani unaweza kuongea lakini huwezi kuimba, kwenye makali unaongea maneno machache kisha unahema.

Mwongozo huo pia uliondoa sharti moja la zamani, kwamba kwa mtu mzima mazoezi hayahesabiwi mpaka yafike dakika 10 mfululizo. Siku hizi kila dakika inahesabiwa, na kwa mpangaji hilo ni ukombozi. Huna haja ya kutafuta saa nzima tupu kwenye ratiba ya shule, maana hutaipata. Tafuta 15 asubuhi, 20 kwenye mapumziko, 10 njiani kwenda na 10 kurudi, kisha kipindi cha michezo kiongeze chake.

Tuko mbali na kipimo hicho, na si eneo lenu tu. Uchambuzi uliokusanya takwimu za wanafunzi milioni 1.6 wa miaka 11 hadi 17 kutoka nchi 146 ulikuta kwamba mwaka 2016 asilimia 81 hawakufikisha dakika zao: wasichana asilimia 85, wavulana 78. Kwa watu wazima, makadirio ya mwaka 2022 ni asilimia 31, yaani watu wapatao bilioni 1.8, na mwaka 2000 ilikuwa asilimia 23. Watoto wanne katika kila watano wakishindwa jambo lile lile, neno “uvivu” halitufai tena. Nikilisikia kwenye kikao huwa najua fedha zinakwenda kwenye mabango.

Tuingie shuleni, na kwanza kwenye kipindi chako mwenyewe. Utaniwia radhi, mimi nimekaa kando ya viwanja vingi na saa mkononi. Chukua kipindi cha dakika 40. Toa za kubadili nguo na kufika uwanjani, toa za kuita majina, toa za mwalimu kueleza. Kinachobaki, gawanya kwa foleni. Watoto 40 na mpira mmoja maana yake ni watoto 38 wanaotazama. Kisha kuna michezo ya kutoana: anayeguswa anakaa chini. Anayekaa wa kwanza ni yule mzito, yule asiye na kasi, yule mwenye haya, ambaye ndiye hasa tuliyemfuata. Tunamkalisha, halafu tunashangaa hapendi michezo.

Kiwango kinachotumika sana ni kwamba angalau nusu ya kipindi mtoto awe kwenye mwendo wa wastani au mkali. Kinafikika, na ushahidi wake ni wa siku nyingi. Kati ya 1991 na 1994 Marekani ilifanya jaribio lililoitwa CATCH katika shule za msingi 96 za majimbo manne. Walimu walipewa mafunzo, mbinu na mtu wa kuwatembelea. Mwendo wa watoto ndani ya vipindi ulipanda hadi kuvuka nusu ya muda, na watoto wenyewe wakaripoti mazoezi makali zaidi kwa siku kuliko wenzao wa shule za kulinganishia. Uzito, shinikizo la damu na lehemu (kolesteroli) havikutofautiana kati ya makundi mawili. Nitarudi kwenye sentensi hiyo, kwa sababu yule mjumbe wenu anahitaji kuisikia.

Mbinu zenyewe hazina uchawi. Gawa darasa katika timu za watoto wanne au watano, viwanja vidogo vingi badala ya kimoja kikubwa. Mipira ya matambara na kamba zinatosha kabisa, mradi kila mtoto ana chake au anachangia na mwenzake mmoja. Eleza kwa sekunde 30, waache waanze, kisha simamisha urekebishe. Anayeguswa aende kuruka kamba mara kumi arudi mchezoni. Mtoto anayetumia kiti cha magurudumu au asiyeona vizuri asipewe kazi ya kutunza daftari la mabao. Badilisha mchezo, ukubwa wa uwanja, sauti ya mpira, mpaka naye aheme kama wenzake. Na mwenye pumu au selimundu ajulikane kwa mwalimu kabla ya siku ya kwanza, anywe maji, apumzike anapotaka bila kuulizwa mbele ya watu.

Lakini hata kipindi kizuri kikija mara mbili kwa wiki hakifiki mbali. Kwa hiyo natafuta dakika nje ya kipindi, na hapo nina upendeleo ambao sitauficha. Mwaka 2012 Elaine Wyllie, mwalimu mkuu wa St Ninian's huko Stirling, Scotland, alianza kuwatoa watoto darasani dakika 15 kila siku, watembee au wakimbie wapendavyo kuzunguka uwanja. Hawabadili nguo, hawashindani, na hakuna vifaa wala mwalimu maalumu wa michezo. Jambo hilo likaitwa The Daily Mile, yaani maili ya kila siku, na limeenea nchi nyingi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 uliilinganisha shule hiyo na jirani isiyofanya hivyo, ukakuta watoto wake wanasogea zaidi na wana pumzi zaidi. Shule mbili ni ushahidi mwembamba, nakubali. Kinachonivutia ni namna ulivyoundwa: kila kisingizio kilichozoeleka kimekatwa mapema. Hakuna nguo za kusahau nyumbani, hakuna mwalimu wa michezo wa kuugua, hakuna mashindano ya kumwaibisha wa mwisho. Wengi wetu tuliopita kwenye mchakamchaka wa filimbi na viboko tunapaswa kutazama hapo kwa makini, maana miguu ni ile ile na lami ni ile ile, ila mtoto mmoja anakimbia kwa hofu na mwingine anapiga soga na rafiki yake huku akienda.

Nikishagusa viboko, niseme hili na nipite. Kukimbizwa kama adhabu, na kunyimwa mapumziko kama adhabu, viandikwe kwenye kanuni za shule kuwa marufuku. Huwezi kuuza dawa ile ile unayoitumia kama fimbo.

Upinzani mkubwa utatoka kwa walimu wa madarasa ya mitihani. Wasikilizeni, msiwabeze, maana wanapimwa kwa matokeo na si kwa mapigo ya moyo ya mtoto. Jibu la kweli ni kwamba tafiti nyingi hazijaona alama zikishuka shule inapotenga muda wa mazoezi, na mapumziko mafupi ya kunyoosha viungo darasani mara nyingi huwarudisha watoto kwenye kazi wakiwa wametulia zaidi. Msiahidi kwamba alama zitapanda. Ahadi hiyo hurudi kuwauma. Waambieni hazitashuka, muwaombe wajaribu muhula mmoja.

Kuhusu wasichana sitapita haraka, kwa sababu zile asilimia 85 na 78 zina sura mnazozijua. Msichana anapoingia utu uzima, uwanja humgeuka. Wavulana wakubwa wameukalia, hakuna pa kubadilishia nguo, choo hakina mlango, sketi ya sare haimruhusu kupanda wala kuruka, na watazamaji wanasema. Halafu anaitwa mvivu. Kamati zilizofanikiwa nilizowahi kuziona zilianza kwa kuwaketisha wasichana peke yao na kuwauliza, zikakuta orodha ndefu ya mambo ya bei nafuu: suruali ya michezo iruhusiwe, siku mbili kwa wiki uwanja uwe wao, chumba kimoja kiwe na kitasa, watu wazima wasimame pale wanapobughudhiwa, na michezo ichaguliwe nao. Wengine walitaka dansi. Dansi inatoa jasho kuliko foleni ya mpira, kwa hiyo sioni ubishi ulipo.

Sasa nikupe habari isiyopendeza, ili usiipate kwa mtu mwingine ukadhani nimekuficha. Mwaka 2012 watafiti walikusanya majaribio 30 ya programu za mazoezi kwa watoto, yale tu yaliyopima kwa akselerometa, kifaa kidogo kinachovaliwa kiunoni na kurekodi kila mjongeo. Kwa wastani, mtoto aliyekuwa kwenye programu alizidi mwenzake kwa takriban dakika 4 za kutembea au kukimbia kwa siku. Dakika nne! Mwaka 2021 mapitio mengine ya tafiti 89 za shuleni yalifikia hitimisho la jirani na hilo: ongezeko la mwendo wa siku nzima ni dogo mno au halipo.

Kuna wanaosoma takwimu hizo wakafunga daftari. Mimi naona zinatuambia mambo mawili. La kwanza, programu nyingi hazikufanyika kama zilivyoandikwa. Kipindi kilichopangwa mara tano kilifanyika mara mbili. Mvua, mtihani, mwalimu ana kikao. La pili ni gumu zaidi. Dakika unazoziongeza saa tano asubuhi zinaweza kumezwa saa kumi jioni. Mtoto aliyecheza kwenye klabu ya shule anarudi nyumbani akiwa amechoka na kukaa, au klabu imechukua tu nafasi ya muda ambao angekuwa anakimbizana na wenzake nje. Shule imeongeza, nyumbani pamepungua, siku imebaki pale pale. Kwa hiyo waliowaambia mfanye mpango mmoja wa shule na jamii wamewapa agizo zuri, hata kama hawakujua sababu.

Daraja kati ya shule na nyumbani ni barabara, na hapo ndipo kamati za afya huwa hazitazami kwa sababu si idara yao. Mtoto anayetembea kwenda shule anapata mazoezi mara mbili kwa siku bila kengele wala mwalimu. Mzazi akimpandisha chombo kwa kuogopa magari, dakika hizo zimekwenda, na chombo hicho kimeongeza hatari kwa yule anayeendelea kutembea. Chukueni ramani, au karatasi tupu, mchore njia tatu ambazo watoto wengi hupita, mzitembee saa moja asubuhi pamoja nao. Mtakuta kivuko kimoja au viwili ambavyo ndivyo vinawatisha wazazi wote. Matuta, alama, mtu wa kuvusha, na mwendo wa magari usiozidi kilomita 30 kwa saa karibu na shule vinafanya kazi kuliko semina kumi. Pale ambapo watoto wadogo wana njia moja, kuna mpango wa msafara wa miguu: mzazi mmoja mbele, mmoja nyuma, wanapita vituoni wakiokota watoto kama basi. Unaishi kwa zamu za wazazi, hivyo wekeni wazazi wengi kuliko mnavyodhani mnawahitaji. Na kwa mtoto ambaye tayari anatembea mbali mno kila siku, msimwongezee maili. Yeye anahitaji njia salama, kivuli na maji.

Kwa watu wazima nitataja mifano mitatu niliyoisoma kwa karibu. Tangu mwaka 1974 Bogotá huko Kolombia hufunga baadhi ya barabara zake kuu kwa magari kila Jumapili na sikukuu, kuanzia saa moja asubuhi hadi saa nane mchana. Siku hizi njia hizo zinazidi kilomita 120, na pembeni kuna madarasa ya bure ya mazoezi kwenye bustani. Kigali imekuwa na siku zake za kutembea bila magari tangu 2016. Huko Recife, Brazili, mwaka 2002 manispaa iliweka walimu wa mazoezi wanaolipwa kwenye viwanja vya wazi vya mitaani, darasa la bure, saa zile zile, mahali pale pale. Mwaka 2011 serikali kuu ikalichukua wazo hilo na kulifanya la nchi nzima kupitia wizara ya afya.

Mtu anaweza kusema hiyo ni miji yenye fedha. Tazama zaidi kinachofanana. Barabara na viwanja vilikuwepo. Saa haibadiliki, kwa hiyo watu hawahitaji tangazo jipya kila wiki. Hakuna kiingilio. Kuna mtu ambaye ni kazi yake kufika. Hata mbio za kilomita 5 za parkrun zilianza hivyo, kwa wakimbiaji 13 kwenye bustani ya Bushy Park huko London mwaka 2004, Jumamosi asubuhi, na wiki iliyofuata zikafanyika tena. Kama fedha zenu zinatosha jambo moja tu la jamii, mlipeni posho ya kudumu mtu mmoja aliyefunzwa awe uwanjani siku tatu kwa wiki, jioni, saa isiyobadilika. Waanze na kina mama wanaosubiri watoto, wazee wenye presha na kisukari waliotumwa na kituo cha afya, na yeyote anayepita. Mhudumu wa kituo cha afya akiandika kwenye daftari la mgonjwa “nenda uwanjani Jumanne jioni, mtafute fulani”, maneno hayo yana uzito kuliko “fanya mazoezi”. Na muombeni mkuu wa shule aache geti la uwanja wazi baada ya masomo. Nimeona maeneo yakilia hayana pa kuchezea ilhali uwanja mkubwa kuliko yote umefungwa kufuli saa tisa.

Mabango na redio vina nafasi yao, ila visiende peke yao. Marekani iliendesha kampeni ya VERB kwa watoto wa miaka 9 hadi 13 kuanzia 2002. Ilikuwa na akili: haikuwatisha kwa magonjwa, iliuza mchezo kama raha na kuwapa nafasi ya kujaribu. Tathmini zilionyesha watoto walioifahamu zaidi walicheza zaidi. Mwaka 2006 fedha zikaisha, ikazimika. Iweni na swali hilo mezani kuanzia kikao cha kwanza: fedha hizi zikiisha, nini kitabaki kimesimama? Tuta la barabarani litabaki. Dakika 15 zilizoandikwa kwenye ratiba rasmi zitabaki, hasa mkuu wa shule akihamishwa na kuletwa mwingine. Kanuni ya geti itabaki. Fulana zitapauka.

Tuje kwa mjumbe wa mizani. Mheshimuni, nia yake ni njema, anataka namba. Lakini namba hiyo itawadanganya. Watoto wanakua, kwa hiyo wote watakuwa wazito zaidi mwisho wa mwaka, na anayejenga misuli na mifupa pia atapanda. Uzito unatawaliwa sana na chakula, na mpango wenu haugusi chakula. Kumbuka CATCH: mwendo ulipanda, uzito haukutofautiana. Kama shule zile 96 zingepimwa kwa mizani tu, mtu angesema mradi umeshindwa, na ingekuwa makosa, kwa sababu moyo, mifupa, usingizi na afya ya akili ya mtoto hufaidika na mazoezi hata pale mizani inapokaa kimya. Zaidi ya yote, kumpanga mtoto foleni apimwe mbele ya wenzake ni njia ya uhakika ya kumfukuza uwanjani yule tuliyemfuata.

Pimeni vitu ambavyo mpango wenu unavigusa moja kwa moja. Cha kwanza ni kama uliishi kabisa: kati ya vipindi na dakika 15 zilizopangwa wiki hii, vingapi vilifanyika? Mwanafunzi mmoja kila darasa anaweza kuweka alama ukutani. Ni namba ya aibu mwanzoni, na ndiyo yenye faida kuliko zote. Cha pili, mwendo ndani ya kipindi: mtu akae kando, achague watoto wanne bila wao kujua, wasichana wawili na wavulana wawili, na kila baada ya sekunde 20 aandike kama mtoto amekaa, amesimama, anatembea au anakwenda kasi. Mwisho wa kipindi anahesabu. Cha tatu, mara moja kwa mwezi mwalimu awaulize wanyooshe mikono: leo nani amekuja kwa miguu, nani kwa baiskeli, nani kwa chombo? Pumzi mnaweza kuipima mara mbili kwa mwaka kwa mbio za kwenda na kurudi mita 20 kufuata mlio unaoongeza kasi, kipimo kilichobuniwa na Luc Léger huko Kanada mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kinahitaji mistari miwili ya chokaa na kipaza sauti. Matokeo yawe ya darasa, yasibandikwe kwa majina. Kwa watu wazima kuna hojaji fupi ya Shirika la Afya Duniani, maswali 16, inayouliza kazi, safari, mapumziko na kukaa. Wahojini watu wachache kabla hamjaanza na baada ya mwaka.

Kila namba itenganishwe wasichana na wavulana, na kila namba ichukuliwe kabla ya kuanza. Kama hamwezi kuanza shule zote pamoja, na kwa fedha kidogo hamtaweza, pigeni kura ya bahati mbele ya wote: nusu zianze muhula huu, nusu muhula ujao. Zinazosubiri ndizo zitakazowaonyesha kama mabadiliko yametoka kwenu au ni msimu tu.

Kama ningekuwa kwenye kamati yenu, wiki nne za kwanza nisingenunua chochote. Ningehesabu, ningetembea zile njia tatu, ningeketi na wasichana, na ningeomba saini ya mkuu wa shule kwenye ratiba yenye dakika 15. Ndipo ningetoa fedha: kwanza kivuko na mtu wa uwanjani, kisha mafunzo ya siku moja kwa walimu wote, wa hisabati na wa sayansi wakiwemo, kisha kamba na mipira mingi midogo. Bonanza ningeliweka mwisho wa mwaka, na kiingilio chake kiwe zile alama za ukutani: darasa lililotimiza dakika zake ndilo linalofungua ngoma.

Andikeni hesabu ya wiki ya kwanza hata kama ni vipindi viwili kati ya kumi. Ukishaipata niletee, pamoja na sababu za vile vinane vilivyokosekana, kila kimoja na yake. Nadhani nusu ya mpango wenu itakuwa ndani ya orodha hiyo.